Barua Iliyofika Kati ya Vikao

Niliwahi kumpunguzia mwanafunzi alama kwa kosa ambalo hakulifanya. Alikuwa ameunda ala ya sauti kwa Pure Data, programu ya Miller Puckette ambayo mtumiaji hupanga visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa mistari. Saa yake ilituma ujumbe kila milisekunde 5, yaani mara 200 kwa sekunde, na kila ujumbe uliamsha mlio mfupi. Nilitarajia sauti moja nyoofu, nikasikia mkwaruzo. Nikaandika pembeni: "Hesabu mbovu."

Hesabu ilikuwa sahihi. Kwa kawaida Pure Data hukokotoa sauti kwa mafungu ya sampuli 64. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu moja ni takriban milisekunde 1.45. Ujumbe hushughulikiwa kati ya fungu na fungu. Saa inaujua wakati wake barabara, lakini kisanduku kiitwacho line~, alichokitumia kijana yule, huanza kazi mwanzoni mwa fungu tu. Milisekunde 5 ni sampuli 220.5, nazo hazigawanyiki kwa 64. Basi milio ikapishana kwa sampuli 192 mara hii, 256 mara ile. Sikio halisamehe tofauti hiyo. Dawa yake ni vline~, ambacho huheshimu wakati halisi wa ujumbe na kuanza katikati ya fungu, mahali pake hasa.

Nilipoyagundua haya, kijana alikwisha kukata rufaa. Barua yake iligongwa muhuri wa masjala siku ya 13 kati ya 14 zilizoruhusiwa. Kamati ilikuwa imekutana jana yake. Kikao kilichofuata kikahesabu siku hadi barua ilipofika mezani, si hadi ilipopokelewa, kikaitupa kwa kuchelewa.

Watumishi wa umma wanaonisoma wanaufahamu muhuri huo. Silaumu kazi kufanywa kwa mafungu: hakuna kamati inayoweza kuitishwa kwa kila barua, na hata kompyuta hufanya hivyo ili isielemewe. Ninacholaumu ni tarehe iliyoandikwa kwa wino kusomwa kana kwamba haipo.

Jumatano nilipeleka masjala barua yangu ya kukiri kosa. Karani akaigonga muhuri, akaniambia kikao kijacho ni mwezi ujao.