Baba Aliyekuja Kama Mgeni

Siku hizi Kimuli, kwetu, iko Kyerwa, lakini mwaka 1994 Kyerwa haikuwa wilaya, ilikuja kuwa 2012. Ndiyo maana karatasi zangu zote za zamani zinasema Karagwe.

Wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 waliovuka daraja la Rusumo kwa siku moja, mwishoni mwa Aprili, waliingia Ngara na dunia nzima ikawaona. Kwetu walikuja kidogo kidogo, kwa mitumbwi, wakivuka Mto Kagera. Mama anapanda huu, mtoto anapandishwa ule, na wakifika ng'ambo hii kila mmoja anafuata umati wake.

Nilijitolea Msalaba Mwekundu kwa kuwa Kinyarwanda nilikijua. Katika nchi za Maziwa Makuu waliandikishwa watoto zaidi ya 100,000 waliopotezana na wazazi. Watu walitafutana kwa orodha, kwa picha, na kwa redio pia, katika kipindi cha Gahuzamiryango cha BBC kilichoanza mwaka ule ule.

Binti mmoja, wa miaka mitano hivi, alikuwa kwa mjane wa hapa Kimuli aliyemwokota njiani. Baba akapatikana Benaco, kule Ngara. Wengi hudhani hapo kazi imekwisha, watu wakumbatiane na kulia. Sivyo. Mtoto aliulizwa peke yake, baba peke yake, kisha tukalinganisha. Binti alisema nyumbani kulikuwa na ng'ombe Bihogo. Baba naye akasema Bihogo. Nilifurahi, lakini msimamizi wangu alicheka: Rwanda nzima, zizi gani halina Bihogo? Tukarudi kuuliza nani alilala na nani, kisima kilikuwa upande gani, bibi aliitwaje.

Majibu yalipolingana, baba aliruhusiwa kumtembelea, mimi nikiwepo. Tulikaa nje, chini ya mti, watu wote wakituona. Mara ya kwanza binti alijificha nyuma ya kitenge cha mjane na kumwamkia baba yake kama anavyoamkiwa mgeni. Baba alitaka kumvuta, nikamzuia. Mara nyingine alikuja na biskuti za kambini, akaziweka kwenye jamvi, akaanza kuzungumza na mimi habari za mvua. Binti akasogea mwenyewe. Yule bwana alikuwa na akili kuliko mafunzo yetu.

Aliyenisumbua moyo ni mjane. Fomu zilimjali mtoto, zikamjali mzazi, yeye hazikumtaja popote. Kila baada ya ziara aliniuliza swali lile lile: "Waitu, huko atakula nini?"

Kisha serikali ikatangaza kwamba wakimbizi wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 Desemba 1996. Wengi walikimbilia bara, jeshi likawarudisha kuelekea mpakani. Utaratibu wetu wa ziara za polepole ukafa hapo. Binti aliondoka na baba yake mwezi huo. Bahati yao walikuwa wameshazoeana.

Miezi michache baadaye mjane alitaka kutuma salamu. Barua za Msalaba Mwekundu hazikufungwa, zilisomwa kabla ya kupelekwa, na zilikuwa za habari za ndugu tu. Penye uhusiano niliandika "mama mdogo". Msimamizi aliisoma, akanitazama, akaitia kwenye mfuko wa barua za Kigali.