Maji Yataelekea Wapi

Goba, Jumamosi 8 Juni 2024
Maboksi ya vyombo bado yamejazana koridoni, na tayari ugomvi ni wa uwanja. Mume wangu anataka zege na rangi, yaishe. Mimi naangalia magoti ya watoto. Nyasi za kawaida tulishazijaribu kule tulikopanga: miguu ikichezea wiki mbili tatu, vumbi, na bili ya maji haipungui. Watoto hawana mjadala, wanataka nyasi bandia "kama za uwanja wa Karume". Nafasi ya nyuma, toka ukutani hadi karibu na shimo la choo, inatoa mita 9 kwa 16.

Jumatano 12 Juni
Dukani. Muuzaji ananisukumia zile za mapambo, laini, zenye nyuzi za kahawia katikati ili zionekane zimekauka kidogo. Ajabu, ukavu nao tunaulipia. Za michezo hazivutii mkononi: nyuzi ngumu, zimeachana, kwa sababu nafasi baina yake ni ya mchanga. Nikageuza zulia, nikatafuta matundu ya kupitishia maji. Yapo.

Roli lina upana wa mita 4. Basi uwanja utakuwa wa mita 8, si 9: mapande mawili, mshono mmoja. Zulia huanza kufia kwenye mshono.

Muuzaji akaniambia nyasi bandia hazina VAT. Msamaha ule wa bajeti ya 2021/22 ulilenga viwanja vya mpira vya majiji, si ua wangu. Nikadai risiti. Bei ikapanda asilimia 18 hapohapo.

Jumatano 19 Juni
Mzee, jirani yetu wa bondeni, alimtuma mjukuu na pilau ya Idd, kisha akafuata mwenyewe. Shikamoo, marahaba, karibu. Hakukaa. "Binti yangu, nasikia mnatandika plastiki. Maji yataelekea wapi?"

Hakuuliza kwa udadisi. Masika haya maji ya kiwanja chetu yaliingia kwenye banda lake la kupikia. Tulikuwa hatujahamia, lakini nyumba ni yetu na maji ni yetu.

Usiku nimepiga hesabu. Mvua ya milimita 50 juu ya mita za mraba 128 ni lita 6,400. Matundu ya zulia hayayamezi maji, yanayashusha tu.

Jumatatu 1 Julai
Fundi: "Mama, tumwage zege chini, tatizo limekwisha." Zege ndilo tatizo lenyewe. Maji yatapenya zulia, yatakuta zege, yatateleza hadi kwa Mzee. Nataka kokoto. Akauliza kama amsubiri baba arudi. Nikamwambia baba akirudi atazikuta zimeshashushwa.

Wamechimba sentimita 25. Udongo mwekundu, mzito, unang'ang'ania sepeto. Kwanza kitambaa cheusi, ili udongo usipande kuchanganyika na kokoto; kisha kokoto nene; juu yake vumbi la kokoto, linamwagiwa maji na kushindiliwa kwa mashine hadi unyayo hauachi alama. Mteremko ni asilimia moja, sentimita 8 toka ukingo hadi ukingo. Jicho halioni, maji yanaona. Unaelekea barabarani, si kwa Mzee. Bomba lenye matundu linayapokea, linayapeleka kwenye shimo la mawe, na shimo likijaa linamwaga mtaroni. Kwa udongo huu, litajaa.

Alhamisi 4 Julai
Kabla ya zulia nikaita boza. Mzee nikamwomba asimame upande wake wa ukuta. Lita 5,000 juu ya kokoto tupu. Fundi alinuna, anaona namwaibisha mbele za watu. Maji yakazama, yakapotea kwa muda uliotutia wasiwasi sote, yakatokea mtaroni. Mzee akaita kutoka ng'ambo: "Kwangu pakavu!" Kisha akaongeza kwamba boza si masika. Kweli.

Jumapili 7 Julai, Sabasaba
Zulia limetandikwa. Nyuzi za mapande yote mawili lazima zilale upande mmoja, la sivyo uwanja utaonekana una rangi mbili. Yakaachwa juani yanyooke, ndipo kingo zikakatwa, utepe ukapita chini, gundi ikafuata. Kijana aliyeunganisha hasemi kabisa. Ana mikono ya mshona kanzu.

Ubishi wa mwisho ulihusu cha kujaza kati ya nyuzi: zile chembe nyeusi za matairi. Nimezikataa. Zinashika joto, zinaingia kwenye soksi hadi kitandani, na Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kwamba kuanzia 2031 zisiuzwe tena kwa ajili ya viwanja, kwa kuwa ni plastiki ndogondogo zinazosambaa kila mahali. Tumeweka mchanga wa silika uliooshwa, kama tani 2, ukasuguliwa kwa fagio ngumu hadi ukashuka kwenye mashina. Wa baharini hapana, una chumvi.

Jumamosi 20 Julai
Saa saba mchana mguu mtupu haukai pale. Nyasi hizi zilipata umaarufu Houston mwaka 1966. Paa la uwanja wa Astrodome lililopitisha mwanga lilikuwa limepakwa rangi kupunguza mng'ao uliowasumbua wachezaji, na nyasi halisi zikafa kwa kukosa jua. Kule zilitandikwa kwa sababu jua halikutosha. Sisi tumeziweka palipo na jua la kumwaga. Sheria ya nyumba: kabla ya saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Baba watoto, yule mtu wa zege, ndiye wa kwanza kuivunja, akiwa na ndala.

Jumapili 21 Julai
Mzee amekuja kuomba mabaki ya roli, atandike barazani. Nimempa, ila nikamwonya asiyaweke karibu na jiko la mkaa, yatayeyuka. "Na kwenye banda la kuku?" Nikamwambia watadonoa nyuzi. Akafikiri kidogo, akachukua vipande viwili.