Kangomba, Durkheim na Ada Yangu

Msimu wa korosho wa 2018 nilituma habari kutoka Masasi zenye neno ambalo wahariri walilipenda: kangomba. Walanguzi wa kangomba, wahalifu wa kangomba. Novemba mwaka ule Rais Magufuli alitangaza kuwa serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuisomba, na timu za uhakiki zikapita vijijini kuuliza nani ana shamba na nani ana magunia tu.

Jioni moja nilikaa barazani kwa mjomba, Mkomaindo, nikimsimulia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mpwa wangu, ada yako ya mwaka wa kwanza unadhani ilitoka wapi?"

Aliuza kangomba. Mwezi wa nane, mikorosho ndiyo kwanza ina maua, akachukua hela ya mtu na kumwahidi magunia kwa bei ya kutupa. Chama cha msingi kingemlipa vizuri zaidi, lakini mpaka mnada upite, na chuo hakisubiri mnada.

Na huko chuoni (kwa ada hiyohiyo!) nikasoma Durkheim, aliyeandika 1895 kwamba uhalifu ni jambo la kawaida katika kila jamii, na kwamba adhabu huwakumbusha waliobaki mstari umepita wapi. Nilipata alama nzuri. Sikujiuliza mstari wa kwetu ulichorwa lini: stakabadhi ghalani ilipoanza kwenye korosho, msimu wa 2007/2008, kumuuzia aliyekuja mlangoni na hela mkononi kukawa kosa.

Merton, Mmarekani, aliandika 1938 kwamba jamii humwambia kila mtu afike mahali fulani, ila njia halali haiwapi wote. Wengine huchonga ya kwao. Hapo namwona mjomba kabisa. Lakini ndipo pia ninapogombana na wazee hawa. Wanauliza kosa linaifaa nini jamii, hawaulizi linamfaa nani. Kangomba ilinisomesha, sawa. Aliyetajirika ni mwenye hela ya mwezi wa nane. Na wahakiki walipokuja, magunia ya bwana huyo yalikuwa yameandikwa jina la mjomba, naye usiku halali.

Habari ya kesho yake niliituma bila neno "mhalifu". Mhariri akalirudisha.