Kaseti za Zamani: Tuzihamishe Kabla Hazijanyamaza



Juma hili hatuandiki juu ya mbegu wala juu ya likelemba. Tunaandika juu ya kartoni. Hapa kwetu Kipese, nyumba nyingi ziko na kartoni moja chini ya kitanda au juu ya kabati, na ndani yake mna kaseti ambazo hakuna anayezisikiliza tena. Radio iliharibika, batri zikawa ghali, watoto wakapata muziki katika simu. Kartoni ikabaki pale na vumbi lake. Wengi wetu tulifikiri kwamba siku moja tutaitupa.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja mgeni. Mwaka 2024, vita ilipofika Kanyabayonga na Kirumba mwishoni mwa mwezi wa sita, watu wengi walikimbilia upande wa kaskazini, wengine wakaendelea mpaka Butembo. Mama huyo na watoto wake wanne walipokelewa kwa mmoja wetu. Siku moja tulikuwa pamoja tunachambua maharagwe, akatuambia kwamba alitoka na watoto, godoro moja na sufuria, na kwamba nyumba haimuumizi moyo kama kaseti moja aliyoiacha. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mama yake, aliyekufa zamani, akiimba.

"Nyumba itajengwa," alisema. "Ile sauti nitaitoa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Jioni ile kila mmoja wetu alirudi kwake akavuta kartoni yake.

Tulipozileta pamoja, kaseti zilikuwa 41. Nyingi zilikuwa za muziki wa kucheza: Franco na OK Jazz, Tabu Ley na M'bilia Bel, Abeti Masikini, Pépé Kallé. Nyingine zilikuwa za korali. Moja ilikuwa ya misa aliyoihubiri Mgr Kataliko, askofu wetu wa Butembo-Beni, yule aliyepelekwa Bukavu mwaka 1997 na akafariki mwaka 2000. Kulikuwa na arusi, kulikuwa na matanga. Na kulikuwa na barua. Ninyi wasichana hamkuziona hizo: zamani, kabla ya simu, mume au kaka aliyeenda mbali kutafuta makuta aliweza kusema maneno yake katika kaseti, akampa dereva wa lori ailete nyumbani.

Kaseti ya namna hii ilionyeshwa mara ya kwanza na kampuni ya Philips mjini Berlin, mwaka 1963. Kabla yake, kunasa sauti ilikuwa hasa kazi ya studio na ya vituo vya radio. Kaseti ilileta kazi hiyo mpaka kijijini: unabonyeza vifungo viwili pamoja, unasema. Ndiyo sababu sauti za mama zetu zipo leo. Hakuna studio ambayo ingepanda milima ya Lubero kuja kumnasa nyanya anayembembeleza mjukuu kwa Kinande.

Hapo tulipata neno la kwanza la kuwaambia: msianze na muziki. Sisi wote tulitaka kuanza na Franco, ili tucheze kidogo. Lakini Franco yuko kila mahali. Rumba ya Kongo iliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu mwaka 2021, na nyimbo zake hazitapotea kwa sababu kartoni yetu imelowa. Mukaka wetu hayuko katika orodha yoyote. Yuko katika kaseti moja tu. Basi tulipanga mafungu mawili: zinazopatikana pengine, na zisizopatikana popote. Fungu la pili lilikuwa na kaseti 14. Tuliamua kuanza na hizo.

Vyombo tulivipata hivi. Radio-kaseti tuliiazima kwa mzee mmoja. Ordinateri ilikuwa ya binti wa mmoja wetu anayesoma Butembo, aliyekuja likizo. Ndani yake aliweka programu inayoitwa Audacity, ambayo hailipiwi. Sisi tulichanga kidogo kidogo tukanunua waya wenye ncha mbili zinazofanana, kama ncha ya visikilizio: upande mmoja unaingia katika tundu la visikilizio la radio, upande mwingine katika tundu la mikrofoni la ordinateri. Ordinateri nyingi za siku hizi hazina tundu hilo peke yake. Ya kwetu vilevile haikuwa nalo, ikabidi kununua kijisanduku kidogo kinachochomekwa pa USB. Ni hivyo tu.

Sasa tuwaambie kosa letu, ili ninyi msilirudie.

Kaseti ya kwanza tuliyoiweka ilikuwa ya mama mkubwa kuliko sisi wote katika chama. Ni ya usiku wa kuagwa kwake, kabla ya arusi, wakati mama yake na mashangazi walipokuwa wanampa mashauri. Mama yake alifariki miaka mitatu baadaye, na hana hata foto yake. Tulikuwa na haraka. Hatukusafisha radio, hatukuijaribu kwanza na kaseti isiyo na maana. Tulibonyeza, tukasikia wanawake wanacheka, tukasikia mama anaanza kusema na binti yake, halafu sauti ikavutika, ikazama, ikanyamaza. Radio ilikuwa imemeza utepe.

Tuliutoa polepole kwa vidole, mama mwenyewe akishika taa. Utepe haukukatika, lakini sehemu moja ilikuwa imekunjamana kama karatasi, kipande cha sentimeta 15 hivi. Unaweza kusema ni kidogo. Lakini utepe wa kaseti unapita karibu sentimeta 5 kila sekunde, na sentimeta 15 ni sekunde tatu. Mama yake alikuwa anamwita kwa jina la utoto ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Zile sekunde tatu zilikuwa za jina hilo.

Usiku ule hatukuendelea. Tuliomba radhi, tukaenda nyumbani tumeinamisha vichwa.

Kesho yake tulimwita yule mzee mwenye radio atufundishe, na haya ndiyo aliyotuonyesha.

Kwanza, safisha. Chukua pamba na alkoli ya farmasi (si kasiksi ya jirani!), pangusa kile chuma kidogo kinachogusa utepe na kile kigurudumu cha mpira kinachouvuta. Pamba yetu ilitoka nyeusi. Mpira ukiwa na uchafu wa kunata, ndio unaomeza utepe.

Pili, tazama kaseti kabla ya kuiweka. Ukiona unga mweupe juu ya utepe, ni ukungu wa unyevu; usiiweke, itachafua mashine na kaseti nyingine zote. Itenge mpaka fundi aione. Kama utepe umelegea, ukaze kwa kuzungusha kalamu ya biki katika tundu. Kama kisanduku kimepasuka lakini utepe ni mzima, kaseti nyingi zina skurubu tano: zifungue, uhamishie utepe katika kisanduku cha kaseti usiyoihitaji.

Tatu, vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Vikivunjika, radio haiwezi tena kunasa juu yake, hata mtoto akibonyeza kifungo chekundu.

Nne, ipeleke mbele mpaka mwisho, kisha uirudishe nyuma mpaka mwanzo, mara moja. Utepe uliolala miaka 20 unashikamana, hivyo unaachana.

Tano, tumia batri, na ziwe mpya. Tulipochomeka radio na ordinateri katika umeme wa sola, sauti ilinguruma kama mzinga wa nyuki. Tulipoweka batri katika radio na kuiacha ordinateri kwa batri yake, kelele iliisha. Lakini batri zikichoka radio inakwenda polepole, na sauti ya mwanamke inageuka kuwa ya mwanaume.

Sita, tazama sauti inavyochorwa katika programu, kama milima. Milima ikigusa juu na chini, sauti imevunjika, na hakuna dawa ya kuirudisha. Punguza sauti ya radio mpaka milima ifike nusu hivi.

Kuna jambo moja ambalo halina njia ya mkato. Kaseti ya dakika 90 inataka dakika 90. Upande mmoja dakika 45, kisha geuza. Mwanzoni jambo hilo lilituchosha. Baadaye tuliona kwamba ndilo lililokuwa zuri. Tulikuja na maharagwe yetu ya kuchambua, watoto wakalala magotini, na kaseti ikitembea. Wazee walikuwa wanasema: "Huyo anayecheka ni dada yake fulani." "Hiyo ni mvua juu ya mabati, ilikuwa msimu wa kuvuna." Wasichana wetu, ambao Kinande chao kimechanganyika na Kiswahili na Kifaransa, waliuliza maana ya maneno waliyokuwa hawajayasikia kamwe. Binti wa ordinateri aliandika yote katika daftari: nani anaimba, ni sherehe gani, ni mwaka gani, neno lile maana yake nini. Mashine inachukua sauti, lakini haijui jina la mtu. Majina tuko nayo sisi tu, na sisi hatutakuwapo siku zote.

Tulijifunza jambo lingine kwa barua. Mmoja wetu alileta kaseti ya mume wake marehemu. Tulidhani ni salamu tu. Baada ya dakika chache baba alianza kusema mambo ya nyumba yake, mambo yasiyotuhusu. Tulizima mara moja. Mama alikaa kimya, kisha akasema ataimaliza peke yake. Tulimwonyesha kifungo cha kubonyeza, tukatoka nje na maharagwe yetu. Alipotoka alikuwa amelia, lakini uso ulikuwa mwepesi. Basi tumeweka sheria: mwenye kaseti ndiye anayeamua nani asikie na nani apewe. Kilio cha matanga ya mtu hakizungushwi katika simu za watu.

Juu ya kuhifadhi. Kaseti ya dakika 90, ukiiweka nzima bila kuibana, inachukua karibu megabaiti 900. Ukiibana kuwa MP3, inachukua karibu megabaiti 90. Kwa zile zisizopatikana popote, tunashauri namna zote mbili: nzima katika ordinateri, iliyobanwa katika simu. Kadi ndogo ya simu ya gigabaiti 32 inaingiza kaseti zaidi ya 300 zilizobanwa. Kartoni nzima ya kijiji, na inashonwa katika pindo la kitenge. Wamama, mnaelewa kwa nini tunasema hivyo. Kukipambazuka vibaya, hakuna anayebeba kartoni.

Lakini msiamini kadi moja. Kadi zinapotea, kadi zinakufa bila kuaga. Weka nakala mahali patatu: moja kwako, moja kwa ndugu, moja mbali, kwa mtoto aliyeko Butembo au Kampala. Na kaseti yenyewe usiitupe. Ifunge katika mfuko, uiweke mahali pakavu, mbali na jiko na mbali na spika kubwa, kwa sababu sumaku yake inaweza kufuta utepe.

Mpaka leo tumemaliza kaseti 11 kati ya zile 14. Mbili ziko na ukungu. Moja ilikuwa tupu: miaka ile mtoto mmoja alinasa juu yake mpira kutoka radioni, akafuta sauti ya babu yake. Mtoto huyo leo ni baba wa watu, na tulipomwambia hakusema neno.

Na ile kaseti ya kwanza? Mzee alinyoosha utepe kwa kidole, tukaipitisha tena yote. Mashauri yamekaa vizuri, kicheko cha mashangazi kimekaa, wimbo umekaa. Mahali pa jina pana mkwaruzo tu, sekunde tatu. Binti alitaka kupakata katika programu ili mtu asisikie kelele. Mama alimshika mkono.

"Uache," alimwambia. "Hapo ndipo jina langu lilikuwa."

Tangu siku ile anaisikiliza jioni katika simu ya mjukuu wake. Ikifika pale, anasema jina lile mwenyewe, kwa sauti ndogo, na wajukuu sasa wanalijua.

Wamama, vuteni kartoni zenu. Tunakutana Jumamosi baada ya soko, kama kawaida. Mwenye radio-kaseti inayotembea vizuri ailete, mwenye batri asisahau, na kila mmoja aje na maharagwe yake ya kuchambua. Mama yule wa Kirumba bado yuko nasi. Kaseti yake hatuwezi kumrudishia. Lakini ameahidi kuja kuimba wimbo wa mama yake kama anavyoukumbuka, na safari hii tutasafisha mashine kwanza.