Mbio za Kuchelewa Kidogo

Wanachuo wenzangu, hosteli yetu wikiendi ni mpira tu. Simba, Yanga, kisha Ulaya. Mimi husubiri kelele zipungue ndipo nifungue simu niangalie mbio za magari. Wenzangu wananicheka: msichana, mwalimu mtarajiwa wa Fizikia, magari ya nini? Lakini mimi natokea Ngaka, Mbinga, kwenye makaa ya mawe. Mgodi ulipoanza nilikuwa shule ya msingi, na malori yalipozidi, hata usiku tukiwa kitandani tulijua kwa mlio lipi limebeba na lipi linarudi tupu. Kaka yangu sasa anaendesha mojawapo.

Nilipokwenda fildi nikapangiwa kidato cha tatu, mada ya msuguano, shule isiyo mbali na barabara ya malori. Nilifundisha kwa Kiingereza cha kitabu, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili waelewe, maana ndivyo tunavyofanya wote ingawa hatuandiki kwenye andalio la somo. Wavulana wa viti vya nyuma walikuwa na mada yao: dereva gani mkali. Kwao mkali ni anayewahi kurudi mgodini na anayeteremka mlima na gia imeachiwa, eti kuokoa mafuta. Mmoja akaniuliza, "Madamu, kwani kwenye mbio si anashinda mwenye mwendo?"

Nikawapa kwanza mbio za Charlotte, Marekani, Septemba 30, 2018. Magari ya NASCAR yana sura ya magari ya kawaida, na mara nyingi huzunguka uwanja wa mviringo yakikata kushoto tu. Siku hiyo njia iliingizwa hadi katikati ya uwanja, ikawa na kona za kulia na kushoto. Tena ilikuwa mbio ya mchujo: madereva 16, wanne waage. Jimmie Johnson, bingwa mara saba, alikuwa wa pili kwenye mzunguko wa mwisho. Angebaki hapo hapo angepita. Akataka wa kwanza. Aliingia kona ya mwisho kwa kasi, matairi yakashindwa kushika, gari likazunguka na kumgonga Martin Truex aliyekuwa mbele. Ryan Blaney, wa tatu, akapita katikati ya vurugu akashinda. Johnson akalingana pointi na wenzake wawili, na aliyetolewa ni yeye.

Hapo msuguano ukaeleweka bila ubao. Tairi linaloburuzika hushika kidogo kuliko linaloviringika, na la mbele likiburuzika, usukani unabaki pambo.

Ila mbio ninazozipenda mimi ni za huku kwetu. Safari Rally ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwanzoni magari yalikuwa yale yale ya dukani, yakipangwa makundi kwa bei. Hakukuwa na uwanja. Uwanja ulikuwa barabara zetu zenyewe, Usambara, Mbulu, mpaka Dar es Salaam, na miaka ile ya 60 ilikuwa Pasaka, masika yamekolea. Umbali kama kilometa 5,000. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba. Mwaka 1968 yakafika saba tena. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Nilipowaambia darasa zima likanyamaza. Peugeot 404! Gari la watu wazima.

Kilichowashangaza zaidi ni hesabu yake. Katika Safari ya zamani dereva alipewa muda wa kufika kila kituo cha ukaguzi, na akichelewa alirundikiwa pointi za adhabu kwa dakika alizopoteza. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kwa hiyo wote walichelewa, tope halikumwacha mtu. Alishinda aliyechelewa kidogo kuliko wenzake, na ili uhesabiwe ilibidi kwanza gari lifike likiwa zima. Na mara ngapi lilifika kwa sababu wanakijiji walilisukuma kutoka kwenye tope! Hao hawamo kwenye orodha ya washindi.

Nilimsimulia kaka hayo likizo hii, tukiwa jikoni kwa mama. Alisikiliza vizuri, kisha akaniambia kwamba yeye pia anahesabiwa, ila kwa tripu. Tripu moja, hela moja. Akikaa nyuma ya lori bovu mlimani saa mbili, saa hizo hazina jina kwenye karatasi ya mwajiri. Akiteremka kwa gia nzito, taratibu, injini ikimsaidia breki zisichemke, anaokoa maisha yake na ya mama anayevuka na ndoo ya kahawa, lakini mwisho wa mwezi mwenzake aliyeachia gia anampita kwa tripu mbili. "Sasa dada," akasema, "hapo mwalimu unafundisha nani, mimi au aliyepanga malipo?"

Mama akasema tule kwanza.

Swali lile nililipeleka darasani kwenye kipindi changu cha mwisho cha fildi. Nikaandika ubaoni: mngekuwa nyie mnapanga malipo ya madereva wa makaa, mngehesabu nini? Kundi la kwanza likasema tripu. La pili likasema tripu, lakini ukikutwa umeachia gia unakatwa. Wale wa nyuma walibishana mpaka kengele, kisha yule aliyeniuliza mwanzo akaleta daftari. Alikuwa amechora Songea, Kitai na mgodi, kila kituo na muda wake, na pembeni ameandika kwamba anayewahi kupita kiasi naye akatwe pointi.

Nikampa alama nane kati ya kumi. Hakuwa ameweka muda wa kula.