Upepo Hutaka Mlango wa Kutokea

Mwalimu akikosea mbele ya wanafunzi wake, kosa hilo hukaa moyoni mwake muda mrefu kuliko sifa zote alizopata katika kazi. Mimi ninalo kosa moja la namna hiyo, nalo lilitokea katika kasha la kompyuta. Nimeona vema kuliandika hapa kwa sababu mbili. Kwanza, walimu wengi sasa wana kompyuta za mezani shuleni mwao, na joto la pwani huziharibu kabla ya wakati wake. Pili, fundisho nililolipata halikuwa la kompyuta peke yake.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, mwaka 2022. Shule yetu ina maabara ndogo, na vyombo vya fizikia havitoshi kwa wanafunzi wote wa kidato cha nne kuvishika kwa mikono yao. Basi sisi walimu wa shule nne za jirani tukaafikiana ya kwamba mimi niyafanye majaribio mbele ya kamera, kisha nitengeneze filamu fupi fupi, zipelekwe katika kila shule kabla ya mtihani wa Novemba. Wengi wa wanafunzi hao walikuwa hawajaona pendulamu ikihesabiwa mwendo wake, wala lenzi ikipimwa. Filamu zile ndizo zingekuwa macho yao.

Kompyuta tuliyokuwa nayo tulipewa kwa msaada. Ni kasha kubwa jeusi, na ndani yake mna prosesa yenye nguvu na kadi kubwa ya picha. Ofisi yangu imeezekwa kwa mabati, na mchana joto la chumbani hupita nyuzi 31. Kuitengeneza filamu moja ni kazi ya saa tano au sita, wala kompyuta haipumziki hata kidogo katika saa hizo. Ikawa kila nikianza, baada ya saa mbili hivi huzimika ghafula kama taa iliyopulizwa, na kazi yote hupotea. Mara tatu ilinitenda hivyo.

Nalifungua programu ionyeshayo joto, nikaona prosesa inapanda polepole, nyuzi 85, nyuzi 90, na kuzidi. Prosesa za siku hizi zimetengenezwa zijilinde zenyewe: joto likikaribia nyuzi 100 hupunguza mwendo, na lisiposhuka, kompyuta hujizima isije ikaungua. Basi haikuwa mbovu, ilikuwa inajiokoa.

Kasha lilikuwa na feni mbili, moja mbele na moja nyuma. Nikafikiri moyoni mwangu: uji wa moto hupozwa kwa kupulizwa, basi kinachotakiwa ni kupuliza zaidi. Nalikwenda mjini, nikanunua feni nne kwa fedha zangu mwenyewe, kila moja upana wake milimita 120. Mbili nikazifunga mbele pamoja na ile ya kwanza, mbili nikazifunga juu. Zote nikazielekeza zipulize ndani. Hata ile ya nyuma, iliyokuwa ikitoa hewa nje, naliigeuza ipulize ndani pia, nisipoteze nguvu yake.

Siku ile walikuwapo wanafunzi kama kumi wa kidato cha tatu waliokuja kutazama. Nikawaeleza kwa fahari habari za feni zangu sita. Nilipokwisha, kijana mmoja, ambaye mama yake hukaanga samaki kwa kuuza, akanyosha mkono, akasema, "Samahani, mwalimu. Upepo wote unaingia, utatokea wapi? Jikoni kwetu mama alipokuwa na mlango mmoja tu, moshi ulikuwa ukizunguka humo humo, hata alipotoboa dirisha upande wa pili."

Wenzake wakacheka. Nami, badala ya kulipima neno lake, nikamjibu, "Kompyuta si jiko la samaki. Keti." Akaketi, akainamisha kichwa.

Nikaianza kazi. Haikupita saa moja, joto la prosesa likafika nyuzi 97, kompyuta ikazimika. Kwa feni mbili ilikuwa ikistahimili saa mbili. Kwa feni sita haikutimiza hata saa moja. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kwenda zao, nikashukuru kwa hilo.

Jioni nalibaki ofisini peke yangu. Mbu walikuwa wengi, nikawasha dawa ya mbu ya kuzunguka, ile ya kijani, nikaiweka karibu na kasha. Nikaiwasha kompyuta tena, nikakaa kuutazama moshi bila kukusudia neno. Moshi ukavutwa ndani kwa mbele. Mara ukatokea katika ufa wa ubavuni, ukapanda, ukavutwa tena na feni za juu, ukaingia ndani mara ya pili. Kule nyuma, ambako prosesa yenyewe ina feni yake ndogo ya kusukuma joto kuelekea nyuma ya kasha, feni niliyoigeuza ilikuwa ikilirudisha joto lile lile usoni pake. Kumbe, hewa iliyokwisha kuchoka ndiyo niliyokuwa nikiinywesha kompyuta tena na tena! Lilikuwa ni jiko la samaki lenye mlango mmoja, neno kwa neno kama kijana alivyosema.

Kosa lililotendwa mbele ya watu hutengenezwa mbele ya watu. Asubuhi nalikwenda katika darasa lao, nikamwita. Akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nikamjibu, "Marahaba. Jana ulisema kweli, nami nalikunyamazisha. Nisamehe. Nataka leo unisaidie kulitoboa lile dirisha la mama." Darasa lilikuwa kimya. Hakuna aliyecheka.

Tukafanya kazi pamoja alasiri yote. Jambo la kwanza tulilojifunza ni kuujua uso wa feni. Feni ya kompyuta ina pande mbili zisizofanana: upande mmoja mapanga yake yako wazi, na huko ndiko ivutako hewa, upande wa pili una mikono myembamba iishikayo mota, na huko ndiko itoako hewa. Nyingine zina mishale midogo ubavuni, mmoja waonyesha mapanga yazungukavyo, wa pili waonyesha upepo uendako. Na asiyeiona mishale, karatasi nyepesi yatosha kumwonyesha.

Tulipokwisha kujua hayo, tukajaribu mipango mbalimbali, filamu ile ile, dakika thelathini kila mpango, hali joto la chumba ni nyuzi 31. Kwanza tuliweka feni tatu mbele kuingiza hewa na moja nyuma kuitoa: prosesa ikasimama nyuzi 81, wala haikupanda tena. Kisha tukaongeza feni moja juu, upande wa nyuma, itoe hewa: ikashuka mpaka 76. Tukafurahi, tukaongeza ya sita juu, upande wa mbele, nayo itoe hewa. Nalitazamia ya kwamba itashuka tena. Ikapanda mpaka 78.

Kijana akaniuliza sababu. Safari hii sikumjibu upesi, tukauleta moshi. Tukaona feni ile ya juu mbele inainyang'anya hewa baridi mara tu iingiapo, na kuitoa nje kabla haijafika kwenye prosesa. Ni kama mtu aliyefungua dirisha kando ya mlango: upepo waingia na kutoka papo hapo, na aliyelala upande wa pili wa chumba haupati. Basi tukaiondoa, nikaiweka mtotoni mwa meza iwe akiba. Feni tano zikatenda kazi iliyozishinda sita.

Msomaji atauliza, je, hewa hiyo ni nyingi kiasi gani? Kompyuta yetu ikifanya kazi kwa nguvu hula umeme wa wati kama 300, na karibu wote hugeuka kuwa joto ndani ya kasha. Hewa ni kitu chepesi, lita moja ina uzito kama gramu 1.2 tu, na kwa hiyo haichukui joto jingi. Ukitaka iyachukue yale ya wati 300 hali yenyewe imepata moto kwa nyuzi 10 tu, yahitaji kupita lita kama 25 kila sekunde. Hiyo ni zaidi ya ndoo kubwa ya maji moja kila sekunde, yaingia na kutoka. Yaliyoingia yasipotoka, mapya hayana mahali pa kukaa. Ndiyo maana njia ya upepo ina thamani kuliko hesabu ya feni.

Watu husema ya kwamba hewa ya moto hupanda, na ni kweli; kwa sababu hiyo juu na nyuma ni mahali pema pa kuitolea, na mbele na chini ni mahali pema pa kuiingizia. Lakini katika kasha dogo nguvu ya feni hushinda mwendo huo wa asili, na feni iliyogeuzwa vibaya huweza kulisukuma joto chini. Usitegemee tabia ya hewa peke yake. Angalia feni zako zimeelekea wapi.

Tena ziingizazo na ziwe na nguvu kidogo kuliko zitoazo, kama tulivyofanya, tatu kwa mbili. Hapo hewa ya ndani husukuma kutoka katika kila ufa, na vumbi huingia kwa mbele tu, ambako tumeweka kitambaa cha wavu cha kulichuja. Kinyume chake, kasha litoalo zaidi ya liingizalo hunyonya vumbi katika kila tundu. Wavu huo twausafisha kila mwisho wa mwezi, maana wavu ulioziba ni sawa na mlango uliofungwa.

Yako na mambo mengine mawili. Kasha letu lilikuwa limeegemezwa ukutani, na hewa iliyotoka nyuma iligonga ukuta na kurudi. Tukalisogeza mbele kiasi cha shubiri moja, na prosesa ikashuka nyuzi mbili nyingine. Na tena, usikimbilie kuziongezea feni mwendo. Feni ikizunguka mara mbili ya kwanza hutoa hewa mara mbili, lakini hula umeme mara nane, na kelele zake huchosha kichwa. Afadhali feni kubwa iendayo polepole katika njia iliyo wazi.

Wala feni haina uwezo wa kuishusha kompyuta chini ya joto la chumba chenyewe. Chumba kikiwa nyuzi 31, upepo uingiao ni wa nyuzi 31. Kwa sababu hiyo kazi ndefu sasa naifanya usiku, bati likiisha kupoa.

Baadaye, nikisoma habari za mambo haya, nalipata faraja kidogo. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kanuni za umbo la kompyuta ziitwazo ATX, ambazo makasha mengi yazifuata mpaka leo. Katika kanuni zile za kwanza, feni ya kisanduku cha umeme ilitakiwa kuvuta hewa ya nje na kuipuliza ndani juu ya prosesa. Baadaye shauri hilo likaondolewa, na visanduku vya umeme vikawa kwa kawaida hutoa hewa nje. Nikaona ya kwamba hata mafundi wakubwa huigeuza feni wakiona haifai, wala hawaoni haya.

Filamu zetu zilikwisha wiki ya pili ya Oktoba, zote kumi na moja, zikafika katika shule nne kabla ya mtihani. Kompyuta haikuzimika tena.

Jumamosi moja baadaye nalikwenda nyumbani kwa yule kijana kumwamkia mama yake. Alikuwa jikoni, anakaanga. Nikaliona lile dirisha, tundu la mraba ukutani, limeelekeana na mlango, juu kidogo ya jiko. Moshi ulikuwa ukipita juu ya kichwa chake na kutoka moja kwa moja, naye hakuwa akifuta machozi. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha. Akacheka, akasema, "Moshi wenyewe, mwalimu."

Wazee wetu walituachia neno, ya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni neno la kweli, nasi walimu twapenda sana kulikumbusha. Lakini mimi nimejua ya kuwa mkuu asiyesikia la mdogo naye ana guu la kuvunjika. Darasa nalo ni kasha. Mwalimu huweza kupuliza maneno ndani mchana kutwa, kwa bidii na kwa moyo mwema. Asipoacha mlango wa wanafunzi kusema, maneno yake huzunguka humo humo hata yakawa joto tupu. Tangu siku ile, mwanafunzi akinyosha mkono, hujizuia nisijibu mpaka nimelitafakari neno lake. Si rahisi, na siku nyingine hunishinda. Hapo huifungua meza yangu, nikaitazama ile feni ya sita.