Mwangaluka Ndani ya Ndege

Dar es Salaam kwenda Mwanza, alfajiri. Ndege ya panga boi, viti 76, imejaa. Mbele yangu, kando ya mlango wa dharura, ameketi mzee aliyekonda, bahasha ya picha za eksirei mapajani. Mhudumu wa kwanza alimsomea maneno ya desturi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili: ukikaa hapa uwe tayari kufungua mlango ukiamriwa, unakubali? Mzee akaitikia kwa kichwa. Mhudumu akapita.

Wa pili alisimama. "Shikamoo, babu." Mzee akaitika kwa sauti ya chini. Binti akaongeza salamu ya Kisukuma: "Mwangaluka." Uso wa mzee ukakunjuka. Walizungumza Kisukuma labda dakika moja tu, na ndani ya dakika hiyo ikajulikana kwamba habari ya mlango haikumwingia hata kidogo, na kwamba bega lake la kulia lilikuwa limetoka kupasuliwa. Aliitikia kwa sababu mtoto wa watu alimsemesha kwa adabu. Akahamishiwa safu ya nyuma, kijana mwenye nguvu akaletwa mlangoni.

Jambo hili sijaacha kulifikiria. Kwetu mtu mzima huitikia kwa heshima hata maneno yakiwa yamempita. Najua watasema Kiswahili kinatosha nchi nzima. Nakipenda, ndicho ninachoandikia, lakini Tanzania ina lugha zaidi ya 100, na Kiswahili cha matangazo ya ndege, chenye barakoa za oksijeni na fulana za kuokolea maisha, kikisomwa mbiombio, kiko mbali na Kiswahili cha mnada wa ng'ombe. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilianguka Ziwa Victoria jirani na Bukoba, watu 19 kati ya 43 wakafariki. Chanzo cha ajali ile hakikuwa lugha. Hata hivyo, tangu siku hiyo nikiona suala la mlango linamalizwa kwa kutikisa kichwa, moyo hautulii.

Nairobi kwenda Kisumu. Safari fupi, hata saa haiishi. Kaunta ya Kisumu, mama aliyechelewa anaelezwa kwa Kijaluo kwa nini tiketi yake ya bei nafuu hairudishiwi pesa. Hakufurahi, ila aliondoka ameelewa.

Lubumbashi kwenda Kinshasa. Zaidi ya kilomita 1,500, na barabara ya kuaminika hakuna, hivyo ndege hubeba hata wasiojua Kifaransa. Katiba ya Kongo ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Kiluba. Ndani ya ndege nilisikia Kifaransa na Kiingereza. Tulipofika N'Djili, uwanja wa ndege wa Kinshasa, mama mmoja wa Lubumbashi alikosa mzigo wake. Karani alimwuliza kwa Kifaransa, mwenzake kwa Lingala, mama akabaki kurudia, "Muzigo yangu, baba, muzigo yangu." Nilijitolea kufasiri, lakini Kiswahili changu cha pwani kilimchosha. Aliyemwokoa ni mchukuzi wa toroli aliyezaliwa Likasi, huko huko upande wa Lubumbashi. Alimuuliza rangi ya begi, kamba iliyofungiwa, jina lililoandikwa, akamwelekeza karani mahali pa kujaza, kisha akarudi kwenye toroli lake. Kazi ya dawati zima aliifanya yeye, na sikuona mtu akimpa hata asante.

Hapo ndipo naona kasoro ya safari zote tatu: lugha ipo, imo vinywani mwa wafanyakazi, lakini inategemea bahati. Mashirika mengine ya kimataifa huwavalisha wahudumu vibendera vya lugha wanazozijua. Kwenye ndege zetu za ndani, abiria hana njia ya kujua nani anaweza kumsikiliza.

Kwa kanuni ya mhudumu mmoja kwa kila viti 50, ndege kama ile ya Mwanza yaweza kuruka na wahudumu wawili tu. Nawaomba mnaopanga zamu: waulizeni wafanyakazi wenu wanazungumza lugha gani, muandike. Anayejua Kisukuma apangwe Mwanza, anayejua Kiha apangwe Kigoma, beji ionyeshe, na posho ya lugha iingie kwenye mshahara. Yule mchukuzi wa N'Djili naye mpeni dawati.